Biasha na Ndugu wa Sheria Mbili

Biasha binti Mbwana alisuka makuti pale Msambweni tangu alipoachwa na mumewe. Hakuwa mtu wa kuchukia ovyo. Ila kwa Matano, nduguye wa tumbo moja ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni, alikuwa na dharau isiyofichika, na sababu yake hakuona haya kuisema.

Ilianza mwaka wa hamsini na moja, mjomba wao Boga alipofariki. Boga aliacha shamba la minazi na mtoto mmoja tu, Mishi, mwanamke mzima aliyemuuguza babake mpaka akakata roho. Hata arubaini haijafika, Matano alikwenda kwenye baraza la wazee Kwale akiburura beberu. Wazee wakala, wakapangusa midomo, wakakumbuka kwamba kwa ada ya Wadigo mali ya mtu humwendea mpwawe, si mtoto wake.

"Mimi ni Mdigo, dada," Matano alimwambia Biasha. "Ada za wazee siwezi kuzikanyaga."

"Ada hizo zilikuwa wapi mjomba alipokuwa akitapika damu? Hukumpelekea hata dafu."

Matano alicheka. Mishi akatoka shambani na masufuria yake kichwani, na Biasha akampa chumba kwake.

Miaka minne baadaye akafa baba yao, mzee Mbwana, huko Diani. Naye aliacha minazi. Na kwa ada ileile wapwa wake, watoto wa dada yake, wakaja kudai. Hapo ndipo Matano alipoijua dini. Mtu ambaye Ijumaa zote zilimkuta mangweni akinywa tembo, alinunua kofia ya vito iliyodariziwa, akaswali safu ya mbele, akawa anakohoa ili aonekane. Kisha akapeleka kesi kwa kadhi.

Biasha hakuambiwa. Habari alizipata kisimani, akavaa buibui lake, akamchukua Mishi, wakaenda kwa kadhi, wakaketi nyuma pamoja na wanawake. Mbele, Matano alikuwa amesimama mikono kifuani, mpole kama maiti.

"Shekhe, sisi ni Waislamu," alisema. "Hii ada ya mpwa kurithi ni ujahili mtupu. Mwenyezi Mungu amempa mtoto haki yake."



"Marehemu ameacha watoto wangapi?" kadhi aliuliza.

"Mimi peke yangu, Shekhe."

Biasha akainuka. "Asalaam aleikum, Shekhe. Mimi ni Biasha binti Mbwana. Labda nilizaliwa na jiwe."

Watu wakaangua kicheko. Matano aligeuka, jasho limemtoka. "Dada, nilikusudia mtoto wa kiume…"

"Nyamaza! Shekhe, muulize shamba la mjomba wetu Boga alilirithi kwa sheria gani. Mtoto wa Boga ni huyu hapa."

Kadhi alimtazama Matano. "Jibu."

 Matano alisema kwamba yale yalikuwa mambo ya Kwale, na haya ni mambo ya dini.

"Kwa hiyo ukifika Kwale, Uislamu unauacha njiani?" kadhi aliuliza.



Hukumu ilipotoka, Matano alipata mafungu mawili, Biasha fungu moja, na wapwa hawakupata kitu. Kuhusu shamba la Boga, Mishi aliambiwa afungue kesi yake mwenyewe, naye akaifungua. Matano akakimbilia Kwale kuwaomba wale wazee waje waitetee ada. Hawakuja. Neno "ujahili" lilikwisha wafikia, nao hawakupenda kuitwa majahili.

"Beberu walimtafuna," Biasha alisema, "leo ndio wanajitia heshima."

Mishi alirudishiwa nusu ya shamba, na nusu, kwa sheria ya dini, ikaenda kwa ami yake, nduguye Boga kwa baba.

Baada ya hapo Matano alimjia Biasha uani, sauti imelainika. "Dada, tuyaunganishe mafungu yetu. Wewe ni mwanamke, mimi nitasimamia."

"Utasimamia nini, nawe huwezi kusimama upande mmoja? Toka kwangu."

Alitoka. Waliishi mji mmoja miaka mingi, na kila alipopita alisema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba," Biasha aliitikia bila kuinua kichwa, kama anavyoitikiwa mpita njia, akaendelea kusuka.