Hongo ya Jaketi Jekundu

Kabla hujaanza kucheka, nikiri kitu: mimi ndiye mwongo wa darasa letu, na najulikana. Niliwahi kumwambia mlinzi wa shule kwamba mkaguzi yuko getini, maskini akachomekea shati mpaka likachanika. Kwa hiyo najua kuwa katika Tabora nzima hakuna anayestahili kuaminiwa kidogo kuliko mimi. Lakini hili lilinitokea, tena mchana kweupe, nikiwa mzima na nimeshiba wali. Kipande cha kitambaa kipo, nimekibandika ukutani juu ya kitanda. Ukitaka njoo ukishike, ila usikivute.

Niko kidato cha tatu. Shuleni tuna klabu ya matembezi, na kiongozi wetu ni Mwalimu Lugembe wa jiografia, mtu anayependa kutembea kama wengine tunavyopenda kulala. Mwezi wa tisa alituchukua kupita kipande cha njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wa Kinyamwezi kati ya pwani na Ujiji, mizigo mabegani. Sisi Ujiji hatukufika, usijali. Tulishukia kijiji kimoja upande wa Usoke, tukaingia porini kwa siku mbili.

Sasa kwenye vifaa ndipo ungenipenda. Nilikuwa na mabuti ya mlimani kutoka mitumbani, la kushoto namba arobaini na mbili, la kulia arobaini na tatu. Nilikuwa na begi lenye mfuko wa maji ndani na mpira wa kunyonyea unaopita begani. Nilikuwa na fimbo mbili za kukunja, mfuko wa kulalia, taa ya kichwani. Na kiunoni nimefunga jaketi jekundu la kuzuia upepo, alilonishonea mjomba wangu, fundi cherehani pale Mtendeni, kutoka kwenye mwavuli mkubwa uliochakaa. Uzi mwekundu ulimwishia njiani, mikono akaimalizia kwa uzi wa kijani. Huo uzi wa kijani ushike vizuri kichwani.

Tuligawanyika makundi mawili. La mbele lilikuwa la Mwalimu, nami nikiwemo. La nyuma la watu sita liliongozwa na Mwajuma, msichana wa mjini mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi. Kundi la mwisho kufika kambini lingesimamisha mahema yote na kuosha masufuria. Mwajuma aliniambia nianze kuzoea masizi. Unafikiri nililala?

Mwalimu alitufundisha desturi moja ya misafara. Kiongozi wa mbele akifika njia panda, alivunja tawi lenye majani akalilaza kukatiza njia isiyofuatwa. Walio nyuma, hata wachelewe vipi, wakiliona tawi wanajua hapo pamefungwa. Halisogezwi, halirukwi. Kazi ya kufunga njia akanipa mimi. Fikiria, mimi!

Saa saba mchana tukafika njia panda, mbele kidogo ya mabani ya kukaushia tumbaku. Mwalimu akashika ya kulia. Nikabaki nyuma, nikavunja tawi zuri, nikalilaza kwenye njia ya kulia. Hesabu yangu ilikuwa kwamba ile ya kushoto ingewazungusha kina Mwajuma shamba la tumbaku, wachelewe nusu saa, wafike wamenuna. Nilitembea nikicheka peke yangu kama mwehu.

Saa nane tukapumzika. Mwalimu akanywa maji, akafuta ndevu, akasema hivi hivi tu kwamba anashukuru njia ile ya kushoto nimeifunga vizuri, maana inaingia kwenye hifadhi kwa warina asali, mwendo wa siku nzima bila tone la maji.

Niliangalia baiskeli tuliyokuwa tukiisukuma na mizigo. Madumu yote ya maji, yetu na ya kina Mwajuma, yalikuwa hapo. Tulikuwa tumekubaliana kundi la nyuma libebe chupa moja moja tu, wajaze kambini. Watu sita, jua la Septemba, chupa moja moja, na tayari ilikuwa nusu saa tangu wapite pale. Kicheko changu kilikauka pamoja na mate.

Ningesema palepale, ningekuwa mwanaume. Nilichosema ni kwamba naenda kuwapokea wenzetu na maji. Mwalimu akanisifu. Akasema nimekua. Niamini, hakuna fimbo iliyowahi kuniuma kama sifa ile. Nikabeba dumu la lita kumi, nikarudi mbio. Simu haikuwa na mtandao, na ramani yake ilinionyesha kitone cha bluu katikati ya karatasi tupu.

Pale njia panda tawi langu lilikuwepo bado, na nyayo za watu sita zimeelekea kushoto, wazi kabisa kwenye vumbi. Na kando ya tawi alikuwa ameketi mtu juu ya robota la nguo lililoviringwa kwa mkeka. Umri wa miaka thelathini hivi, shuka ya kaniki, miguu mitupu, njuga vifundoni. Nikajua ni mcheza ngoma kutoka kwenye sherehe. Wewe ungejua nini?

Nikamwamkia shikamoo. Akanijibu, "Mbukwenyi." Hiyo ni salamu ya Kigogo. Mimi ni Mgogo kweli, ila sikuwa nimemwambia, na usoni sijaandikwa.

Akaniuliza kama huko nilikotoka nimewaona wenzake, watu kumi na wawili wenye ngoma moja. Nikamjibu upesi kwamba hapana, sijaona mtu. Akatazama chini kidogo. Kisha akaanza kuchambua vifaa vyangu, na hapo ndipo nilipojua nimempata mtani halisi, kwa sababu Mgogo na Mnyamwezi kutukanana ni haki yao ya kuzaliwa. Aliuliza fimbo mbili za nini, nimezeeka kila upande? Aliuona mfuko wa kulalia, akataka kujua kwa nini nimetembea na sanda. Alipoujaribu ule mpira wa maji aliucheka mpaka akashika mbavu, akasema hajawahi kuona mtoto anayenyonya mgongo wake mwenyewe. Nami nikamjibu kwamba nguo yake inaonekana imevaliwa tangu enzi za Mjerumani. Akasema Mjerumani ndiye nani?

Nikacheka. Alikuwa hacheki.

Nikamwambia sina muda, kuna watu wanakwenda kufa kiu. Akasimama katikati ya njia. "Babu zako walitutoza nguo ili tunywe maji ya Ugogo. Leo Mgogo anapita Unyamwezi na maji yake, halafu apite bure? Lipa hongo, mtani."

Mtani akichukua chako hukasiriki, ndiyo sheria. Nikafungua jaketi kiunoni, nikampa. Akalipima kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole, mara tatu, akasema mmh, ninyi mlikuwa mnadai zaidi. Saa yangu ilionyesha saa tisa kamili. Niliitazama, nina uhakika.

Akalitwaa dumu, akaliweka begani kana kwamba ni mto wa kulalia, akaniambia nimfuate na nisimpite. Tukaingia njia ya kushoto. Yeye mbele akiimba nyimbo za kuwasema Wagogo, mimi nyuma nikicheka nisiweze kujizuia, na hofu yangu ikipungua kila hatua. Vumbi la njia ile ni kama unga, mabuti yangu yalizama. Baada ya muda nikagundua nyayo ninazoziona mbele ni za wale wale sita. Za mtu wa saba hazikuwepo. Na mlio wa njuga ulikuwa unatokea nyuma yangu.

Ungefanya nini? Ukimbie, uende wapi? Mwenye maji ni yeye. Nikajikaza, nikamuuliza kitu cha kwanza kilichonijia: yeye na wenzake waliachana wapi?

Hakugeuka. "Palepale uliponikuta. Niliifunga njia ya kweli kwa tawi, utani tu. Nilitaka wachelewe, wanikute nimeshakula."

Tukatembea kidogo.

"Bado nawasubiri," akasema.

Wimbo haukuendelea. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikitafuta la kumwambia, ndipo niliposikia harufu ya moshi na sauti za watu. Nikainua macho. Dumu lilikuwa chini karibu na mguu wangu, limetoka jasho kwa ubaridi kama limetoka kwenye friji. Njiani hapakuwa na mtu. Na mbele yangu palikuwa kambini.

Mwajuma alikuwa ameketi juu ya jiwe, kikombe cha chai mkononi. Nikahesabu: sita. Nikahesabu tena. Walikuwa wamefika kabla hata ya Mwalimu.

"Karibu, Mgogo," akasema. "Mahema yako manne hayo, masufuria yako kule."

Wakanisimulia kwamba waligeuka kushoto kama tawi lilivyoelekeza, na saa nane kasoro wakakuta njia imefungwa tena kwa tawi kubwa, na kijinjia pembeni kiko wazi. Ikawa hivyo kila njia panda hadi kambini. Mwajuma akanisifu kwa kujitahidi kufunga kitambaa kwenye kila tawi ili waone kwa mbali. Akatoa kipande kimoja mfukoni. Chekundu. Pindo lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa kijani.

Saa nane kasoro jaketi lilikuwa kiunoni kwangu, zima, na Mwalimu ni shahidi.

Nikasema yote mbele yao, kuanzia tawi. Mwajuma alinimwagia kilichobaki cha chai yake, halafu akanipa kipande kile nikitunze. Mwalimu hakunichapa. Alisema tu nianze na hema kubwa. Nilisimamisha mahema manne, nikasugua masufuria kwa mchanga nikiimba, na sijawahi kuwa na furaha kama jioni ile, masizi hadi masikioni.

Mjomba amenishonea jaketi jingine. Uongo bado nausema, sikudanganyi, ila ule wa kumpoteza mtu umenitoka. Kila nikiukaribia nasikia njuga nyuma yangu. Juzi kwenye mtihani wa hesabu zililia hadi nikarudisha karatasi ya jirani.

Kwa hiyo nawe, ukipita njia ile na vifaa vyako vya bei, ukikuta tawi limelala njiani, liache. Kama wewe ni Mgogo, beba nguo ya ziada. Na ukimkuta ameketi juu ya robota akakuuliza kama umewaona wenzake kumi na wawili, usikimbilie kusema hapana kama nilivyosema mimi. Kaa naye kidogo, mtukane vizuri, kisha mwambie umesikia ngoma kwa mbali.