Papa wa Chumvi na Presha Yangu

Mwaka wa 1984, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, mume wangu alianguka msalani, hapa Likoni. Tulipomwinua, mdomo umekwenda upande. Watu wakasema kapigwa na upepo. Tukafukiza ubani, tukamsomea. Hakuiona Idi. Nikabaki na watoto na mapipa ya papa wa chumvi.

Papa huyo ndiye aliyetulisha. Nilisoma hadi darasa la pili tu, lakini ulimi wangu ulikuwa haudanganyiki. Kila kipande nilikiramba kabla ya kukianika. Chumvi ikipungua, ataoza. Ikizidi, wateja watanitukania mama yangu.

Miaka ikapita, nikaanza kuona ukungu machoni, na kisogo kizito kila nikiamka. Dada yangu akataka kuniletea mtu wa kuumika, anitoe damu chafu kwa pembe. Nikakataa. Kila nikijitazama kiooni nilikuwa nauona ule mdomo wa mume wangu. Nikaenda zahanati.

Muuguzi akanifunga mpira mkononi, akapima. Akaniambia nitulie kwanza, akapima tena. Akaandika kwenye kadi.

"Sema, mwanangu. Mume wangu alikufa hivihivi."

"Ni presha, mama. Imepanda sana. Unafanya kazi gani?"

"Nauza papa."

"Unamla?"

"Simli. Namramba tu."

"Kutwa?"

"Nitajuaje kama kakolea?"

"Basi aliyekolea ni wewe, mama!"

Akanipa vidonge: kila siku, kichwa kiume kisiume, maana presha yaweza kupanda na usihisi kitu. Na chumvi niiache.

Niiache, watoto wale nini? Nikamwomba dada yangu anirambie.

"Wallahi siwezi! Ili na mimi nianguke?"

Nikajifunza kwa kidole. Nyama iliyoshika chumvi hukaza, ukiibonyeza haibonyei. Pipa la kwanza liliharibika lote, paka wakalila. Yale ya baadaye yakauzika. Vidonge sikuviacha hata Ramadhani. Muuguzi aliniambia nimeze wakati wa daku. Lakini hofu haikutoka. Mpaka leo nikiamka, kabla ya salamu ya mtu yeyote, naupapasa mdomo wangu kwanza.

Nina nyumba ya mawe, vyumba sita. Mapipa kumi. Mizani mbili. Minazi nyuma ya nyumba. Kipimo cha presha, changu mwenyewe. Na mdomo, umenyooka.