Minazi Mitano ya Njia ya Miritini

Mnazi unamjuaje mwenyewe? Mdogo wangu aliniuliza hivyo Jumapili moja, viatu vyake mkononi na mchanga umemjaa katikati ya vidole. Siku zile nilikuwa na majibu ya mambo mengi, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza darasani, lakini hilo lilinishinda. Nikamwambia anyamaze, atembee.

Tulikuwa tunatembea kila Jumapili. Tulikaa Chaani, katika nyumba za reli, na vita vilikuwa vinaendelea huko mbali; kwetu vilifika kama malori ya askari na uhaba wa sukari. Baba alikuwa karani katika ghala la mizigo. Watoto wenzetu, baada ya ibada, walikula wakalala, au walicheza kivulini nyuma ya nyumba. Sisi tulivuliwa nguo za kanisani, tukavishwa za safari, tukatoka. Baba alitangulia, mimi nikafuata, kisha mdogo wangu, na nyuma kabisa, mbali, mama na mtoto mgongoni.

Majirani walidhani tuna mgonjwa.

"Hajapona tu?" mama mmoja wa nyumba ya pili alimwuliza mama, tulipokuwa tumeanza safari hizo kitambo.

"Nani?"

"Huyo mnayekwenda kumwona."

"Bado," mama akajibu, akikaza kanga ya mtoto. "Tena nahisi ameshaniambukiza."

Hakukuwa na mgonjwa. Kulikuwa na minazi mitano, karibu na Miritini, ambayo babu, baba yake baba, aliipanda kabla hajafa. Kwetu pwani ardhi huweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyo juu yake ikawa ya mwingine. Aliyepanda ndiye mwenye mti, na watoto wake watakula, hata kama udongo una mwenyewe anayekaa mjini kisiwani na hajawahi kuukanyaga. Lakini mti hauna mlango wala kufuli. Mwenyewe asipoonekana, mgema atapanda kugema tembo, ile pombe ya mnazi, jirani ataangua nazi, na baada ya misimu kadhaa watu watasahau. "Mnazi usiotembelewa hupata baba mwingine," baba alisema.

Aliogopa hilo kuliko alivyoogopa mabomu. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya reli. Siku atakapoacha kazi tungeambiwa tuhame, na hatukuwa na pa kuhamia. Minazi ile ndiyo kitu pekee duniani alichoweza kukionyesha kwa kidole akasema changu. Asiye na mti, alituambia, ni mpangaji, na hata akizikwa atazikwa mpangaji.

Nilimwuliza kwa nini tusiende mara moja kwa mwaka, wakati wa kuangua. Akasema mara moja kwa mwaka huja mwizi. Nikamwuliza kwa nini asiende peke yake. Akasema mtu mmoja ni mpita njia. Mtu na mkewe na watoto wake ni wenyewe. Nikauliza ni nani aliyeiweka sheria hiyo. Hapo akaongeza mwendo.

Haki yake nitampa: njia aliitafuta kwa ajili yetu. Kwanza tulipita kando ya reli, ambako ni tambarare, lakini kokoto zilitukata nyayo na hakukuwa na kivuli hata cha kumfunika kuku. Kisha akajaribu njia ya chini, ya ukingo wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara, ambayo ni fupi sana maji yakitoka. Maji yakijaa, unabaki kwenye tope la mikoko ukihesabiwa na kaa. Siku moja mama alizama mpaka magotini, akasimama pale, hakulia wala hakulalamika, akamwambia baba kwa sauti ya kawaida tu, "Wewe nenda. Mimi nitaota hapa." Tulicheka mimi na mdogo wangu mpaka tukaketi. Baba hakucheka, ila hatukupita tena njia ile.

Iliyobaki ilikuwa ya juu, ya mashambani, ndefu kuliko zote. Ilizunguka mihogo ya watu, ikateremka kwenye kisima, ikapanda tena chini ya mikanju, ambako watoto waliweza kuokota korosho wakasahau miguu. Baba aliipita peke yake kwanza Jumamosi, jioni baada ya kazi, akafyeka michongoma na panga la kuazima, ili isitukwaruze. Sasa ndiyo naona kwamba alikuwa ametembea mara mbili kwa kila safari yetu moja. Wakati ule niliona tu kwamba ametuongezea urefu.

Sijui kama nimewahi kuchoka tena namna ile. Ulikuwa uchovu usio na kitu mwishoni mwake. Ukichoka kwa kulima, kuna shamba. Ukichoka kwa kuteka maji, kuna mtungi. Sisi tulifika, baba akashika mikono yetu akaibandika kwenye kila shina, moja baada ya jingine, akasema, "Usalimieni." Kisha akapaza sauti kuelekea nyumba za watu, "Hodi jamani! Wajukuu wa aliyepanda wamefika!" Mbwa walibweka. Mtu akaitikia kutoka jikoni, karibuni. Nami nikatazama chini kwa haya. Tukanyweshwa maji, tukageuka kurudi.

Aliyetunywesha maji alikuwa mke wa mgema, mwanamke wa makamo tuliyemwita nyanya, ambaye nyumba yake ilitazamana na mnazi wa mwisho. Mama alipofika, robo safari nyuma yetu, hakusalimia mti wowote. Alikwenda moja kwa moja kwenye mnazi ule wa mwisho, akaketi, akaegemeza mgongo kwenye shina, akanyoosha miguu.

"Shikamoo," alisema, macho yamefungwa.

"Marahaba, mwanangu. Umefikaje?"

"Sijafika. Kimefika kiwiliwili."

Nyanya alimletea maji kwa kata, akaketi naye. Walizungumza mambo ya uzazi na ya chumvi na ya mumewe nyanya, ambaye alikuwa anaingoja siku baba atakapoonja tembo. "Mwambie ni maji ya mti tu," alisema. "Kristo mwenyewe hakuanza na maji?" Mama alicheka bila kufungua macho. Baba alisimama pembeni na kofia yake, akiiangalia minazi, akiona saa zinapita.

Katika mwaka wa mwisho wa vita alitokea mtu wa Kisauni. Alikuwa kuli bandarini, mrefu, mwenye adabu sana, na alisema minazi ile mitano ilipandwa na mjomba wake. Hakutukana mtu. Alikwenda nyumba kwa nyumba akaeleza. Hilo lilimtisha baba kuliko matusi. Tulianza kwenda na Jumamosi pia.

Ndipo mwenye ardhi akamtuma msimamizi wake. Ilisemekana ardhi inataka kukodishwa kwa watu wengine, na kwanza lazima ijulikane kila mti ni wa nani. Mti wenye mwenyewe ungepakwa pete ya chokaa. Mti usio na mwenyewe, au wenye wawili wanaogombana bila mwisho, ungekuwa wa mwenye ardhi. Baba aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata tulipozaliwa.

Tulipofika, msimamizi alikuwa amekaa juu ya ndoo ya chokaa iliyofunikwa, mtu mnene mwenye jasho, naye pia amechoka. Mtu wa Kisauni alikuwa amesimama upande wa pili. Majirani walijaa.

"Nani alipanda?" msimamizi akauliza.

"Baba yangu," alisema baba.

"Mjomba wangu," alisema mtu wa Kisauni.

"Nyote hapo mlikuwapo?"

Watu wakacheka kidogo.

Baba akaanza kueleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama karani: Jumapili zote zile, mvua na jua, yeye na watoto wake, mikono juu ya mashina. Mtu wa Kisauni alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Kutembea si kupanda, ndugu yangu. Hata mtu wa posta hutembea." Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na jambo baya kuliko yote ni kwamba nilikubaliana naye.

Msimamizi alipangusa shingo. "Mimi sitakaa hapa mpaka magharibi. Watu wa hapa mwasemaje? Mwenye minazi hii mwamjua?"

Majirani walitazamana. Wanaume walimjua baba kama mtu anayepaza sauti Jumapili. Mmoja akasema, bwana wa reli, naam, huja. Mwingine akasema na yule naye ni mtu mwema. Nikaona mkono wa baba ukiifinya kofia.

Wakati huo ndipo mama alipotokea kwenye kona ya njia, mtoto mgongoni, anahema. Hakujua lolote linaloendelea, alikuwa mbali. Alipita katikati ya watu, akamwambia msimamizi "Samahani, baba," kwa sababu ndoo yake ilikuwa njiani, akaenda kwenye mnazi wa mwisho akaketi, akaegemea, akanyoosha miguu.

Nyanya akaitoa kata yake mtungini. "Huyo hapo," alimwambia msimamizi. "Wauliza mwenyewe, huyo hapo ameketi kwake. Au wewe huwa waegemea mti wa mtu na macho umefunga?"

Watu waliangua kicheko, na msimamizi mwenyewe akacheka, nadhani kwa kuona sasa anaweza kwenda nyumbani. "Mama," aliita, "mnazi huo ni wa nani?"

Mama alifungua jicho moja. "Mnazi upi?"

"Huo uliouegemea."

"Huu wetu," alisema, na akalifunga.

Mtu wa Kisauni aliwatazama majirani wanavyocheka, akarudi nyuma kumpisha msimamizi. Msimamizi alifunua ndoo. Alipaka minazi minne, na alipofika wa tano hakumsumbua mama. Alipaka pete juu ya kichwa chake, chokaa ikamdondokea begani. Mtu wa Kisauni akamwambia baba kwaheri, akampa mkono, akashika njia ya reli. Sikuwahi kumwona tena.

Tukirudi, baba alitembea nyuma na mama kwa mara ya kwanza. Sikusikia waliyozungumza, ila mara moja mama alisema, kwa sauti ya kusikika, "Jumapili ijayo mimi nitalala." Akalala. Sote tulilala.

Nilikwenda chuo huko bara, ng'ambo ya ziwa kuu, nikajifunza kuuliza maswali yangu kwa utaratibu. Nilipomaliza nilirudi Miritini kwa njia ile ile ya mikanju. Baba alikuwa amejenga pale, kwa ruhusa ya mwenye ardhi, banda la miti na udongo karibu na minazi yake, na alikuwa anaumwa kifua. Mchana mmoja, baba amelala, nilivuka kwa nyanya. Mgema alikuwa amefariki. Nikamwuliza, kwa namna ya mtu aliyesoma, yeye binafsi alijuaje kwamba babu ndiye aliyepanda.

Alikuwa anakuna nazi, na hakuacha kukuna.

"Baba yako alikuja peke yake kwanza, kabla hajawaleta nyinyi," alisema. "Alitolewa hapa mtoto mchanga akalelewa misheni, hakuujua hata mti mmoja. Akaniuliza, ya baba yangu ni ipi? Nami nilipoolewa hapa babu yako alikuwa ameshakufa, basi ningejuaje? Shamba zima hili ni minazi. Akaniambia ana watoto wadogo, na mkewe ana mimba. Basi nikamwonyesha ile iliyo karibu na njia."