Likizo Nyuma ya Pazia

Katika ploti yao ya nyumba za kupanga pale mtaa wa Satellite, wanawake walikuwa na kanuni moja: aliyepikiwa na wenzake, naye hupika. Haikuandikwa popote, wala hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Waceke alipikiwa mwaka juzi, binti yake Jackie alipoposwa. Kamene, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikoroga sufuria kubwa mpaka mkono ukavimba, na wageni walipoondoka ndiye aliyebaki akisugua masizi.

Sasa zamu ilikuwa ya Kamene. Watu wa upande wa kijana wangeleta mbuzi wa ntheo, ile posa ya Wakamba, kwa ajili ya binti yake Debra. Lakini siku hiyo iliangukia kwenye likizo ya Waceke, naye alikuwa amechoshwa na ofisi ya Upper Hill na kuchoshwa na watu. Yeye na mumewe Gerishon wakaamua kupumzika nyumbani. Kamene aliambiwa kwamba wanakwenda Naivasha, kutazama viboko ziwani.

"Nenda tu, Mama Jackie," Kamene akamjibu. "Hata wewe ni mtu."

Siku ilipofika, kelele zilianza kabla ya jua. Kuni zilipasuliwa, sufuria zikaburutwa kwenye saruji, kisha Musili, mdogo wake Kamene, akafungulia spika. "Halo! Halo! Maiki inasikika?"

Siku nyingine Gerishon angegonga ukuta. Sasa walilala mapazia yamefungwa, wakinong'onezana kama wezi ndani ya nyumba yao wenyewe.

"Na wali nani ataangalia?" sauti ya mwanamke ikauliza nje, chini ya dirisha. "Mimi moto wa kuni siuwezi."

"Mwenye kuuweza ni Mama Jackie."

"Mama Jackie saa hii anaangalia viboko!"

Wakacheka. "Mwacheni mama wa watu apumzike," Kamene akasema. "Leteni maji."

Waceke aliketi kitandani. "Baba Jackie, nitoke?"

"Utoke useme umetoka wapi?"

Hakutoka.

Wageni walifika na mbuzi wao, nao mbuzi wakafungwa karibu na tangi la maji, wakalia kana kwamba wameonewa. Kisha mzee wa kanisa akaanza kuomba. Aliwaombea wakwe, akawaombea watoto ambao bado hawajazaliwa, akaiombea serikali. Watu wote chini ya hema la uani walikuwa wamefumba macho. Ndipo Waceke na Gerishon walipopita kando ya ukuta, viatu mkononi, wakatoka getini.

Walikwenda Arboretum, ile bustani ya miti. Walitembea chini ya miti, wakawatazama maharusi wakipigwa picha, wakamfukuza tumbili aliyetia mkono kwenye mfuko wao wa ndizi. Baadaye waliteremka mjini wakala kuku na chipsi. Gerishon alisema hiyo ndiyo likizo. Waceke alisema ndiyo, kisha akauliza kama wali wa watu wengi huwekwa maji baridi au ya moto pale kuni zinapokuwa mbichi.

Jioni walirudi. Getini palijaa wageni wasiowajua, wakajipenyeza katikati yao mpaka ndani. Gerishon alijitupa kwenye kochi akasinzia papo hapo. Haukupita muda Musili akapandisha muziki, vikombe vikatetemeka kabatini. Gerishon alishtuka, na kabla Waceke hajamziba mdomo, alikuwa amekwisha kugonga ukuta kwa kiatu.

"Musili! Punguza hiyo kelele, watu wamelala!"

Muziki ukazimwa. Hata mbuzi walisikika wakitafuna.

Mlango ulipobishwa, Waceke ndiye aliyefungua. Kamene alisimama hapo, macho mekundu kwa moshi, sahani iliyofunikwa mkononi.

"Pole kwa kelele, Mama Jackie. Tumezima. Nimewaletea chakula. Wali umeshika chini kidogo."

"Kamene, ngoja nikueleze..."

"Kuleni kabla hakijapoa." Akageuka, akarudi kwa wageni wake.

Hakukuwa na ugomvi. Kamene hakumsema Waceke kwa mtu, na hadi leo humsalimu. Harusi ya Debra ilipokaribia, wanawake wengine wote wa ploti waliitwa kupanga mapishi. Waceke aliletewa kadi ya mwaliko, kama wageni wengine. Siku ya harusi alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaandaliwa chakula. Siku moja ya mapumziko ilimpotezea rafiki aliyekuwa naye tangu Jackie akiwa mtoto wa nasari.