Bibi Zunilda na Maji ya Februari

"Umesikia? Zunilda kaiba maporomoko!" Jirani yangu Nolfa alinirushia maneno juu ya ua, mikono yake imejaa povu. "Wageni wamekuja na kamera zao, wamekuta mwamba mkavu kama kisigino changu."

"Maporomoko yanaibwaje, jirani?"

"Kamuulize mwenyewe!"

Nilimfunga mwanangu kifuani kwa shali nikateremka mtoni.

Nolfa hakuwa mbali na kweli. Februari, kiangazi kikikolea, mto wetu hupungua. Maji yakiingia mferejini kuzungusha kinu cha Bibi Zunilda, maporomoko hubaki uzi tu. Na Februari ndipo wageni hujaa, ndipo nasi tunapokuwa tumevuna ngano, tukaikaanga kwenye mchanga wa moto, tukampelekea Bibi Zunilda aisage. Unga ule ukikorogwa na maziwa ndio uliotulea sote. Mwanangu naye namwachisha ziwa, na kingine hataki.

Bibi Zunilda alizaliwa katika chumba kilicho juu ya mawe ya kusagia. Sikio lake la kushoto lilikufa kwa ngurumo ya mawe hayo. Mumewe alivuka milima kwenda Argentina kukata manyoya ya kondoo, akamwita amfuate. Akajibu, "Kinu hakipandi farasi." Mahali palipofanywa bustani ya wageni, wakubwa wa bustani walimvika kofia ya kazi wakamwambia awe anawasimulia wageni tu. Kofia akaivaa, na kusaga akasaga, akichota kibaba chake cha ujira kwa kila gunia kama babake.

Nilimkuta ukingoni mwa mfereji, ameukumbatia ubao wa kuuziba ili maji yarudi maporomokoni, kama mtu aliyebeba mjukuu. Msimamizi wa bustani, Fabricio, anatoka jasho mbele yake.

"Bibi, nipe ubao. Wageni wamesafiri tangu alfajiri."

"Na ngano imesafiri tangu ipandwe Mei."

"Si usage Jumatatu, tukifunga?"

"Kwani watu wanakula Jumatatu tu?"

"Nitaleta watu wayang'oe hayo mawe!"

"Walete. Waambie waje wameshiba, ni mazito."

Fabricio alicheka bila kutaka, kisha akainamisha uso. "Bibi, kesho wakubwa wanakuja kuuziba mfereji kwa zege. Wanasema hakuna anayesaga tena. Nami langoni sijaona hata gunia moja."

Akaenda zake. Nilijiona nawaka masikio. Tangu lango lile lijengwe, sisi majirani tuliogopa kufukuzwa, tukawa tunapenyeza magunia yetu kwa nyuma, kwenye miiba. Nani angetuona?

Bibi Zunilda alinigeuzia sikio zima.

"Ngano imebaki kwako, mwanangu?"

"Ipo, Bibi. Nimeikaanga jana."

"Basi kesho niletee, mchana kweupe. Nyuma usipite. Pita langoni, gunia begani na mtoto kifuani, na mtu akikuuliza unakwenda wapi, mjibu kwa sauti."