Kibanda cha Watoto Waliopotea

Hospitalini walimwita Bi Spika, na nadhani hata bosi wake alishasahau jina lililoandikwa kwenye kadi yake ya kazi. Alikaa dirisha la mafaili, akiita wagonjwa mmoja mmoja, na sauti yake haikuhitaji mashine: ukiitwa, umeitwa. Wazee wenye masikio mazito waliuliza kwanza kama yuko zamu ndipo wakae foleni. Wauguzi walimtania kwamba siku yake ikifika atajiita mwenyewe, mara mbili, ili mambo yaende kwa utaratibu. Alicheka nao, maana alikuwa mtu wa kucheka. Ila kulikuwa na wiki moja kwa mwaka ambayo hakuna aliyethubutu kumtania.

Wiki hiyo ilikuwa ya maonyesho ya kilimo. Wenzake walichukua likizo wakapumzike. Yeye, kwa miaka ishirini na sita, alichukua likizo akakae ndani ya kibanda cha mabati katikati ya mabanda ya ng'ombe na geti kuu. Juu ya mlango paliandikwa WATOTO WALIOPOTEA. Ndani mlikuwa na benchi refu, jagi la maji, daftari, biskuti, na kipaza sauti ambacho waya wake ulikuwa umezungushiwa utepe mweusi mpaka hujui tena waya ni upi.

Alikuwa na utaratibu wake uliowaudhi wazazi. Mama anaingia mbio, hana pumzi, mtandio uko begani, anataka kueleza mwanawe amevaa nini. Bi Spika anainua mkono kumnyamazisha. Anamchukua ndugu wa yule aliyepotea, kama yupo, anampeleka nyuma ya kibanda, anachuchumaa, anampa biskuti na kumuuliza taratibu, "Leo mmebadilishana nini?"

"Dada, mtoto amepotea, wewe unagawa biskuti!" baba mmoja alimfokea.

"Wewe unajua ulichomvisha asubuhi, kaka. Aliyecheza naye ndiye anayejua amevaa nini saa hizi."

Na kweli, kofia zilikuwa zimebadilishana vichwa, viatu miguu, koti liko chini ya kiti cha mtu. Hakuna mtoto aliyeingia katika daftari lake asipatikane kabla geti halijafungwa. Kamati ya maonyesho ilimpa cheti. Watu walisema ana kipaji, naye aliwaacha waseme. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Ukweli ni kwamba utaratibu ule aliujua tangu ana miaka tisa.

Mwaka huo mdogo wake wa kiume alikuwa na miaka mitano. Mama yao alikuwa mshonaji aliyefiwa na mume mapema, mwanamke wa kupima mara tatu ndipo akate. Kwa ajili ya maonyesho alimshonea mtoto shati kwa kitambaa cha pazia, jekundu la kuumiza macho, akamvisha asubuhi na kumkabidhi kwa dada yake.

"Hata jua liwake vipi, shati hili usimvue. Nyekundu inaonekana hata na kipofu."

Kisha akaenda kwenye banda la washonaji, alikokuwa ameweka kazi zake zishindanishwe, na watoto wakakimbilia kona ya michezo. Kona hiyo siku zile ilikuwa pepo ndogo. Kulikuwa na gurudumu kubwa lililopanda juu kuliko mti wowote uwanjani, vigari vya kugongana, na pembea la farasi wa mbao waliochongwa meno ya kucheka. Tiketi ya mtoto ilimpa zamu moja tu ya farasi. Mzee wa swichi, aliyeendesha pembea lile, hakuwa na muhuri wala orodha. Aliwakumbuka watoto kwa nguo zao. "Wewe njano umeshapanda. Wewe kofia, shuka." Mdogo mtu alipanda, akashuka, akarudi tena mstarini. "Wewe nyekundu," mzee akamkazia jicho, "usinichezee." Mtoto akaangua kilio, kile cha kujitupa chini, watu wakaanza kutazama.

Dada mtu alikuwa na akili nyingi, na hapo ndipo balaa lilipoingilia. Alimvuta nyuma ya vigari, akamvua shati jekundu, akamvisha sweta lake mwenyewe la shule, la bluu, lenye kiraka kwenye kiwiko. Mikono ya sweta ilipita vidole vya mtoto. Shati akalisokota, akalitia ndani ya mfuko wake wa vitabu. Mzee wa swichi alimtazama yule mtoto wa bluu, akampandisha farasi wa nyuma kabisa bila neno. Walichekeana, mmoja juu, mmoja chini, wameshinda.

Pembea likaanza kuzunguka. Wakati huohuo likapitishwa dume la ng'ombe lililoshinda, lina utepe shingoni, watu wanapiga makofi, na dada mtu akageuka kulitazama. Halikumchukua muda mrefu, dume lile. Alipogeuka tena pembea limesimama, watoto wameshukia upande wa pili, na farasi wa nyuma hana mtu.

Alitafuta peke yake kwanza. Kisha akamfuata mama, na mama akamshika mkono wakakimbia hadi kibanda kile kile cha mabati. Mwanamume wa kipaza sauti aliuliza, "Amevaa nini?" Mama akajibu haraka, kwa fahari ya mtu aliyejiandaa: "Shati jekundu! Jekundu, huwezi kulikosa." Mtoto wa kike alifungua mdomo. Mama akamgeukia. Yale macho mimi nisingeweza kuyaeleza, na yeye hakuwahi kuyaeleza; alifunga mdomo. Alijiambia mdogo wake atapatikana sasa hivi na hakuna atakayejali rangi.

Saa nzima sauti iliita mtoto wa shati jekundu. Akaja muuza maputo, mtu mrefu mwenye haya, akasema amemwona mtoto mdogo wa kiume, wa sweta la bluu lililomzidi, anatembea peke yake akilia kuelekea geti la nyuma. Mama akamkatiza: "Siye. Wangu ana nyekundu." Muuza maputo akaomba radhi, akaenda zake. Bi Spika alikuwa amesimama hapo, bega lake likigusa nyonga ya mama yake, na alisikia kila neno.

Jioni alilisukuma shati lile ndani ya lundo la samadi nyuma ya zizi. Kesho yake mama aliuliza sweta liko wapi. Akasema limepotea. Mwanamke aliyeweza kukuchapa kwa kupoteza kifungo hakumchapa, alimfumia lingine. Huruma ile ilimuuma kuliko fimbo.

Mtoto hakupatikana, si siku hiyo, si mwaka huo. Polisi waliandika jekundu. Matangazo yaliyobandikwa ukutani yaliandikwa jekundu. Mama alikataa kuhama nyumba iliyokuwa nyuma ya ukuta wa uwanja, kwa sababu mtoto anaijua njia, na binti yake alipoanza kazi ya kibandani alimwomba jambo moja. Kila siku ya mwisho ya maonyesho atangaze: "Mtoto wa kiume mwenye shati jekundu, mama yako anakusubiri nyumbani." Mama aliketi uani akisikiliza sauti ikivuka ukuta. Mara ishirini na tano Bi Spika alitangaza uongo wake mwenyewe, kwa ile sauti ambayo watu wote waliiamini.

Majuto ni mjukuu, lakini ya kwake hayakungoja kuja baadaye, yalikaa naye. Alimkuza mdogo wake kichwani mwaka kwa mwaka. Mwaka huu ana arobaini na tisa, alijiambia, huenda ana kitambi, huenda ana wajukuu. Lakini uwanjani hakuwahi kumwona akiwa mtu mzima. Mara moja kila maonyesho, katikati ya umati, aliona mgongo mdogo wenye sweta la bluu, mikono inaning'inia. Zamani alikuwa akimfuata. Mgongo ulipinda kona ya banda, naye akifika anakuta watu wasiomjua wanakula mahindi. Siku hizi hakufuata tena. Alishika meza mpaka mgongo ule upite.

Michezo ilikuwa imekufa siku nyingi. Gurudumu lilikwama, viti vyake vikawa viota, farasi wakabanduka rangi hadi kwenye mbao. Upepo ukivuma pembea lilijisogeza kidogo na kulia, na kibandani yeye hukatiza maneno yake. Mwaka huu kamati ilitangaza kwamba ni maonyesho ya mwisho mahali hapa: uwanja utajengwa nyumba, na vyuma vile vitakatwa wiki ijayo. Watu walisikitika kidogo wakaendelea na mambo yao. Yeye hakuweza.

Siku moja kabla ya kufunga, akaja baba amechanganyikiwa, binti yake mdogo hayupo, amevaa gauni la njano. Dada wa yule mtoto, msichana wa miaka tisa au kumi, alikuwa pembeni anatafuna kucha. Bi Spika akampeleka nyuma. Hata biskuti hakuipokea.

"Nilimpa fulana yangu nyeupe na kaptula," akasema. "Alijimwagia juisi. Baba atanipiga?"

"Umeogopa?"

"Nimeogopa sana. Lakini si lazima apatikane?"

Dakika kumi baadaye mtoto alipatikana kwenye banda la sungura. Baba hakumpiga mtu. Aliwakumbatia wote wawili huku akiwagombeza. Bi Spika alibaki amekaa kwenye benchi. Ilikuwa pumzi moja tu, aliwaza. Maneno ya pumzi moja, nami nimeyabeba miaka arobaini na minne.

Alifunga kibanda mapema akaenda kwa mama. Mama amepita sabini na tano sasa, miguu inavimba, na binti yake humkanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Aliweka beseni, akapiga magoti, akachukua mguu wa kushoto, akasema yote akiwa ameukamata. Hakujitetea. Hata ng'ombe dume hakumtaja.

Mama aliuondoa mguu wake mikononi mwake taratibu, akauweka sakafuni, unachuruzika maji.

"Sweta la bluu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Lenye kiraka."

"Ndiyo."

Jirani alipita dirishani akabisha hodi, hakuna aliyemjibu, akaondoka.

"Yule wa maputo," mama akasema, "alimwona mwanangu." Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Na mimi ndiye niliyemwambia siye. Mimi, kwa mdomo wangu. Ulikuwa umesimama kando yangu, ukaniacha niseme."

Bi Spika alilia kama hajawahi kulia. Mama hakumgusa, wala hakumfukuza. Alikataa chai, akakataa kukandwa, akalala na nguo za mchana. Asubuhi binti aliamka akamkuta ameketi kitandani tayari, amevaa viatu vya kanisani na kufunga kilemba chake kizuri.

"Nipeleke," akasema. "Sitasikilizia uani."

Walikwenda hatua kwa hatua, mama akishikilia fimbo na si mkono wa binti yake. Walipopita kona ya michezo mama alisimama mbele ya pembea, akauliza, "Farasi yupi?" Akaonyeshwa. Alimpapasa yule farasi shingoni, kwa viganja vya mshonaji, kama anayetafuta mahali ulipokatikia uzi. Kisha wakaingia kibandani, mama akaketi kwenye benchi la watoto.

Tangazo lile siku zote hutolewa saa kumi. Mama alisema, sasa hivi. Bi Spika akawasha kipaza sauti.

"Anatafutwa mtoto wa kiume wa miaka mitano." Akataja jina lake lote, ambalo kibanda kile hakikuwa kimelisikia kwa miaka mingi. "Amevaa sweta la shule la bluu, limemzidi mikono. Alishuka kwenye pembea la farasi, akaelekea geti la nyuma. Anasubiriwa na mama yake. Na dada yake. Wako hapa kibandani."

Wanaume wazima kadhaa uwanjani waligeuza vichwa. Bi Spika aliwatazama mmoja mmoja mpaka wakaendelea na safari zao.

"Mama," akasema, "unisamehe."

"Bado," mama akajibu. Hakuwa na ukali. "Usiniharakishe. Kaa."

Akakaa. Mchana ulipita. Walikuja watoto wanne waliopotea, wakapatikana, wakaondoka. Kila baada ya saa mama alisema "Rudia," naye akarudia, na kila aliporudia jina lile lilitoka vizuri zaidi. Saa kumi na mbili mlinzi wa geti akaja, funguo mkononi, akainamisha kichwa mlangoni kwa heshima.

"Shikamoo mama. Samahani, tunafunga."

"Marahaba, mwanangu. Subiri kidogo," mama akasema, macho yake hayatoki kwenye njia. "Mtoto wangu ndiyo kwanza ameitwa leo."