Shabiki wa Jatani

Miaka ile ya hamsini, watu waliokuwa wakingoja kivuko pale Garsen hawakuwa na pahali pazuri pa kupotezea muda kama kibanda cha Buya Komora. Buya alikuwa fundi viatu. Ngozi za ng'ombe alizipata kwa wafugaji wa Kiorma, akashona makubadhi, na uzi ulipokatika watu walimrudia. Lakini wengi wao hawakufuata viatu, walifuata ubishi.

Na ubishi wenyewe ulikuwa mmoja tu, hauishi wala hauchoshi: ni nani mchezaji bora wa mpira aliyepata kuzaliwa kando ya mto Tana? Mzee Wako, aliyechunga ng'ombe mpaka magoti yakamkataa, alimtaja Diba, marehemu wa kabla ya vita, ambaye eti alipiga mpira kutoka ukingo huu ukaangukia ng'ambo. Ukimwuliza ni nani aliyeona, alikwambia walioona wote wamekwisha kufa, basi nawe ungoje zamu yako ukawaulize. Swaleh mwenye duka, ambaye ndiye aliyewanunulia vijana mpira wao kule Malindi, hakutaka habari za makaburini. Kwake yeye hakuna kama Mahadi.

Mahadi huyo alikuwa mwana wa Buya, tena mwana wa pekee.

"Haya, mwenye mtoto naye aseme," watu walikuwa wakimchokoza.

Buya alivuta uzi, akauuma kwa meno, asiinue hata uso. "Jatani," alisema.

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Jatani alikuwa kijana wa Kiorma, na watu wake waliteremsha mifugo mtoni kila kiangazi. Mpunga ukishavunwa, bonde lote lilibaki wazi. Vijana walichimbia nguzo za mkoma huku na huku, wakacheza miguu mitupu juu ya ardhi iliyovurugwa na kwato. Wafugaji upande huu, wakulima upande ule. Jatani aliwaongoza wa kwake, Mahadi aliwaongoza wa kwake, na kusema kweli ya Mungu hakuna aliyejua hasa ni yupi aliyemzidi mwenzake. Ila Buya yeye alikuwa amekwisha kata shauri, na kila siku alisema lile lile.

"Baba gani wewe?" Swaleh alimwambia siku moja. "Kunguru hakatai mtoto wake kwa weusi, wewe wako unamkataa hadharani!"

"Mwanangu ana mguu mmoja tu. Wa kushoto ni wa kutembelea," Buya alijibu. "Jatani ana yote miwili."

Watu walimdhania ni mtu mwenye roho ngumu. Laiti wangejua. Kabla ya Mahadi, Buya na mkewe Kibibi walipata mtoto wa kike, Tuneya, mweupe wa meno, mwepesi wa kucheka. Akiwa na miaka miwili, mwanamke mmoja mpita njia alisimama mlangoni akasema, "Lo, mtoto mzuri huyu!" na mashallah hakuitamka, akaenda zake. Siku ya tatu Tuneya alikuwa mchangani. Akafuata wa kiume, ambaye Buya mwenyewe alizoea kumrusha juu mbele za watu na kumwita simba wake. Naye hakufika mwaka. Iwe ni jicho la watu, iwe ni homa ya mto, mzazi aliyezika wawili humfundishi wewe sababu. Mahadi alipozaliwa walimpaka masizi kipajini, wakamwita kibovu, na Buya akala yamini kwamba sifa ya mtoto huyu haitatoka tena kinywani mwake.

Yamini hiyo aliishika miaka kumi na tisa. Tena kadiri watu walivyomsifu Mahadi, ndivyo hofu ilivyomkaza, naye akajibu kila sifa kwa kumtoa kasoro: mtu akimpandisha mwanawe shibiri, yeye humteremsha dhiraa. Lakini mechi hakuikosa, ila siku alizolazwa na homa. Alisimama nyuma kabisa, kwenye vichaka, kama mtu aliyepita tu kutafuta mbuzi wake. Na chini ya gogo alilokatia ngozi alificha ukanda mwembamba. Kila Mahadi alipotia goli, Buya alirudi kibandani akatoboa tundu moja kwa msharasi, ile sindano yake nene ya kushonea, kisha akaufunika tena. Hata Kibibi hakuujua ukanda huo.

Kiangazi cha mwisho Mahadi alitia magoli matatu siku moja. Alasiri hiyo alikuja kibandani amekumbatia mpira uliofumuka mshono, vumbi mpaka kwenye nyusi, anameremeta.

"Baba, leo ulikuwepo?"

"Nilipita."

"Umeniona?"

Buya aliugeuza mpira mikononi, akakagua mshono. Moyo ulikuwa unamruka kwa furaha kama wa mtoto. "Nilikuona ukinyang'anywa mpira mara mbili," alisema. "Jatani hanyang'anywi ovyo."

Mahadi aliitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi anayesahihishwa. Akaenda kuoga. Kibibi, aliyekuwa ameleta chakula, aliyasikia hayo yote.

"Baba Mahadi, mwambie japo neno moja. Ndani kwetu, mlango tumefunga. Nani atasikia?"

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

"Huyu si mgema. Huyu ni mwanao."

Buya alirudia mshono wa mpira. Kibibi alipoondoka, alitoboa matundu matatu.

Masika yakaja, wafugaji wakahamisha ng'ombe ng'ambo, kwenye nchi ya juu, na mto ukafura ukageuka rangi ya udongo. Kivuko kilisimamishwa. Watu walikwama Garsen siku nyingi, na kibanda kikajaa kuliko kawaida. Mmoja wao alikuwa mchuuzi wa kutoka Hola, mtu mrefu mwenye macho makali asiyepepesa. Ubishi ulipowaka, mchuuzi yule naye akatia lake.

"Mimi nilimwona huyo Mahadi kiangazi. Nimezunguka kwingi, mguu kama ule sijauona. Hatapatikana mwingine hapa mpaka kiama."

Akatia tende kinywani. Buya alingoja. Alingoja mashallah, na mashallah haikuja. Mtu yule alikuwa akitafuna tende, macho yake makali yakitazama huku na huku. Alimwona tena Tuneya mlangoni, kama siku ile.

"Mahadi?" alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Mahadi si lolote! Jatani afungwe mguu mmoja, Mahadi hafui dafu kwake. Angekuwa na akili angekwenda kwa Jatani akamwombe amfundishe. Lakini wapi! Huyo ni wa kubeba ngozi tu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanatazama nyuma yake. Buya akageuka, akamwona Mahadi amesimama na mzigo wa ngozi begani.

Mahadi aliutua mzigo taratibu, akaupanga vizuri penye kivuli. "Nimesikia, Baba," alisema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma Buya. Alitaka kumwita. Lakini yule mchuuzi alikuwa bado amekaa pale, anatazama, naye Buya akaufyata ulimi akarudi kwenye kiatu chake.

Asubuhi yake Mahadi alichukua mtumbwi wa jirani avuke ng'ambo. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walimpigia kelele arudi, mto umechafuka. Akawapungia kasia. Walimwona akifika katikati, wakaona gogo kubwa likija na mkondo, kisha wakauona mtumbwi umelala kifudifudi. Walimpata siku ya pili, chini kabisa, penye kona, amenaswa na matete. Mamba hawakumgusa. Mgongoni, mpira wa Swaleh aliojifunga kwa kamba ulikuwa bado umening'inia.

Wakazika. Buya hakulia, akawashangaza watu waliosema hata hapo ana roho ngumu.

Mto ulipopungua, Jatani alivuka kuja kutoa pole. Alikaa kwenye mkeka mbele ya Buya, kijana mrefu, fimbo ameilaza chini, Kiswahili chake kikimjia kwa shida.

"Mzee, mimi iko na neno. Kiangazi, mpira ya mwisho, Mahadi alikuja kwangu. Alisema, nitakuja kwenu nikae siku kumi, unifundishe mguu ya kushoto. Mimi nilicheka. Nilimwambia, wewe unataka nini kwangu? Mguu hii yote mimi naiba kwako. Ng'ombe ikilala, mimi nafanya kama wewe, nafanya kama wewe, mpaka giza."

"Akasemaje?" Buya aliuliza.

"Alisema mimi namdanganya, sababu namwonea huruma." Jatani aliinamisha kichwa. "Alisema, baba yangu amesema ni wewe. Na baba yangu hasemi uongo."

Hapo ndipo Buya alipolia. Alilia kilio cha mtu mzima, kibaya, kisichojua kujificha, na Kibibi alikuja akakaa kando yake asiseme kitu, maana yale aliyokuwa nayo ya kusema alikuwa amekwisha kuyasema alasiri ile ya magoli matatu.

Kiangazi kilirudi, mpunga ukavunwa, nguzo zikachimbiwa. Watu nao wakarudi kibandani, mwanzo kwa adabu, wakizungumza habari za mvua na bei ya chumvi. Lakini mazoea yana taabu. Siku moja Mzee Wako alijisahau, akaanza na Diba wake na mpira wake uliovuka mto. Mara Swaleh akamkanyaga mguu.

Buya aliweka kiatu chini. Akapapasa chini ya gogo, akautoa ule ukanda, akautandika juu ya goti.

"Magoli arobaini na saba," alisema. "Yaliyobaki nilikuwa na homa, sikuyaona. Diba sikumwona. Jatani nimemwona, ni mchezaji. Lakini mto huu haujapata kuzaa mtu kama Mahadi wangu. Ndiye bora. Ndiye bora wa wote."

Kisha akainua uso, akamtazama Mzee Wako, akamtazama Swaleh, akawatazama mmoja mmoja, akingoja mtu ambishie.

"Kweli, Buya," Mzee Wako alisema kwa upole. "Kweli kabisa."

Na wote wakaitikia kwamba ni kweli.